Pishi Mbili za Wauza Programu

Wakulima wazee husimulia habari ya mwenye duka aliyekuwa na pishi mbili. Moja ilikuwa kubwa, yenye tumbo lililotuna, na kwayo alinunulia mpunga wa watu. Ya pili ilikuwa na kitako kilichoinuliwa kwa ndani, na kwayo aliwauzia sukari na unga. Zote mbili zilikaa juu ya meza ile ile, zote ziliitwa pishi, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza, kwa kuwa duka la pili lilikuwa mwendo wa siku nzima.

Leo twataka kusema habari za biashara ambayo haipimwi kwa pishi wala kwa mizani, nayo ni biashara ya programu za kompyuta. Wapo watakaosema kwamba jambo hili lawahusu mafundi peke yao. Hivyo sivyo. Gazeti hili hupangwa kwa programu, hospitali huandika wagonjwa wake kwa programu, benki, bandari, shule na ofisi ya mkuu wa wilaya vivyo hivyo. Kila mwaka fedha nyingi hutoka katika nchi zetu kwenda kulipia leseni za vitu hivyo, na katika walipaji mia hatudhani kama yuko mmoja awezaye kueleza kwa nini bei ni ile aliyotozwa na si nyingine.

Tuanze na jambo ambalo kila mchuuzi atalifahamu. Gunia la sukari likitoka Kilombero kwenda Kigoma lina nauli yake: kuna mafuta ya gari, kuna utingo, kuna mvua na kile kinachomwagika njiani. Mtu wa Kigoma akilipa zaidi ya mtu wa Morogoro, ataguna, lakini sababu ataijua. Programu haina gunia. Ikiisha kutungwa, nakala ya pili haigharimu hata senti moja ya maana, na safari yake kutoka California hadi Dar es Salaam huchukua dakika chache katika waya. Ni kweli kwamba kuitunga kwagharimu sana, na watungaji wanastahili ujira wao, hilo hatulipingi. Lakini gharama ya kutunga ni moja tu, nayo haibadiliki kwa sababu mnunuzi ni Mhindi au Mjerumani. Basi bei zinapopishana kati ya nchi na nchi, au kati ya mashine na mashine, asili ya tofauti ile lazima itafutwe mahali pengine, wala si katika bidhaa.

Zamani hata bei yenyewe haikuwapo. Kampuni ya IBM ya Marekani, iliyotawala kazi hii katika miaka ya 1960, ilikuwa ikitoa programu pamoja na mashine zake, zote kwa malipo mamoja. Tarehe 23 Juni 1969, huku serikali ya nchi yake ikiwa imeishtaki kwa kuhodhi biashara, ilitangaza kwamba programu na huduma kadha wa kadha zitatozwa peke yake. Kutoka siku hiyo kitu kisichoshikika kikapata bei, na bei ya kitu kisichoshikika ni rahisi sana kuivuta huku na huku.

Ushahidi mzuri kuliko wote tuujuao ulitoka Australia, nchi tajiri, ambayo hakuna awezaye kusema kwamba watu wake hulalamika kwa umaskini. Kwa miaka mingi Waaustralia walikuwa wakiona kwamba programu ile ile, yenye lugha ile ile ya Kiingereza, iliyochukuliwa kwa njia ile ile ya waya, ilikuwa ghali mno kwao kuliko kwa Wamarekani. Mwaka 2012 kamati moja ya Bunge lao ikaanza kuchunguza. Chama cha kutetea wanunuzi kiitwacho CHOICE kikaleta hesabu zake, nacho kikaonyesha kwamba tofauti ilikuwa kiasi cha nusu ya bei na zaidi katika bidhaa nyingi. Kilitoa na mfano ambao watu waliucheka kwa uchungu: programu moja ya Microsoft ya watengenezaji, Visual Studio katika toleo lake kubwa, ilizidi bei ya Marekani kwa zaidi ya dola 8,000. Kwa fedha hizo, kilisema CHOICE, mwajiri angeweza kumlipa mtu mshahara, akampandisha ndege kwenda Marekani kununua, akarudi, kisha akamtuma tena mara ya pili, na bado akabakiwa na chenji.

Nayo kampuni ya Adobe, ambayo programu zake ndizo hupanga magazeti na kusafisha picha karibu dunia nzima, ilikuwa ikiuza mkusanyo wake mkubwa, Creative Suite 6, kwa dola 2,599 huko Marekani na dola 4,334 za Australia huko Australia. Msomaji asidhani kwamba dola ya Australia ilikuwa hafifu. Katika siku hizo ilikuwa sawa na ya Marekani, tena yaizidi kidogo. Ukiondoa kodi yao ya mauzo ya asilimia 10, ilibaki tofauti ya zaidi ya dola elfu moja ambayo haina nauli, haina ghala, wala haina utingo.

Makampuni yalipoitwa kueleza, yalivuta miguu. Mwezi wa Februari 2013 kamati ikachoka na barua, ikatoa hati ya wito kwa Apple, Microsoft na Adobe, kama mahakama imwitavyo shahidi mkaidi. Hapo ndipo muujiza ulipotokea. Mwezi huo huo Adobe ilishusha ada ya programu zake za kukodi kutoka dola 62.99 za Australia kwa mwezi hadi dola 49.99, tarakimu zile zile walizokuwa wakilipa Wamarekani. Je, gharama za kazi zilipungua ghafula katika juma lile? Waama, kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye mamlaka alikuwa ameuliza.

Tarehe 22 Machi 2013 wakasimama mbele ya kamati mjini Canberra. Apple ikasema kwamba katika nyimbo na filamu lawama ni ya wenye haki za kazi hizo. Wengine wakataja mishahara ya Australia, kodi za pango, na desturi za soko. Mjumbe wa Microsoft alisema kwa maana kwamba kampuni hupanga bei kwa kadiri ya soko, na kama bei ni kubwa mno wanunuzi wataonyesha kwa kuizuia mikono yao. Twamshukuru kwa unyofu wake, maana hilo ndilo jibu la kweli. Bei ya programu ni kadiri unavyoweza kukamuliwa kabla hujaondoka. Nawe huwezi kuondoka ikiwa barua zako zote, hesabu zako zote na mafunzo ya makarani wako wote yamo ndani ya programu hiyo hiyo.

Ripoti ya kamati ilitoka mwezi wa Julai 2013. Ilipendekeza kwamba sheria ya hakimiliki ibadilishwe ili mwananchi aruke bila hatia ule ukuta ambao wauzaji huujenga katika intaneti, wa kumtambua mtu kwa nchi yake na kumrudisha kwenye duka la bei kubwa. Miezi miwili baadaye ukafanyika uchaguzi, serikali ikabadilika, na mwaka 2016 Tume ya Tija ya nchi hiyo ilikuwa bado inarudia wito ule ule. Ndivyo mambo ya Bunge yalivyo. Hata hivyo bei moja ilishuka, nayo ilishuka kabla sheria haijaandikwa.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu. Hatusemi kwamba bei iwe moja duniani kote. Mwalimu wa Singida akitakiwa alipe sawasawa na mwanasheria wa New York, usawa huo utakuwa dhuluma yenye sura ya haki. Bei ya chini kwa nchi yenye mapato ya chini ni jambo jema, na makampuni kadhaa huifanya. Neno letu ni hili: tutazame bei ile ya chini hutoka wapi, hutolewa kwa masharti gani, na nani mwenye uwezo wa kuiondoa.

Thailand yatufunza. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo iliandaa mpango wa kompyuta za bei rahisi kwa wananchi wake, na kompyuta hizo ziliwekewa Linux, mfumo ambao mtu yeyote aweza kuunakili bila malipo. Kabla ya hapo bei ya Windows na Office ilikuwa haisogei, kama mlima. Mara Microsoft ikaona njia: ikakubali kuziuza zote mbili pamoja katika mpango ule kwa baht 1,500 hivi, yaani dola zisizofika 40. Mwaka uliofuata ikatoa toleo maalumu kwa nchi za namna hiyo, likiitwa Windows XP Starter Edition. Lilikuwa rahisi, naam, lakini lilifungwa makusudi lisiweze kuendesha programu zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Ifahamike kwamba kuliunda toleo hilo hakukupunguza kazi. Mafundi walilipwa ili waichukue programu nzima na kuitia kilema. Hii ndiyo pishi yenye kitako kilichoinuliwa. Maskini alipewa bei yake, akapewa na kipimo chake.

Na bei ya chini iliyotolewa kwa hiari hutwaliwa kwa hiari. Duka la michezo ya kompyuta la Steam, la kampuni ya Valve, lilikuwa likiuza kwa peso huko Argentina na kwa lira huko Uturuki, kwa bei za chini sana. Mwezi wa Novemba 2023, kwa sababu ya fedha hizo kuyumba mno, duka likaacha kuzipokea na kuhesabu kwa dola, na watengenezaji wengi hawakuweka bei mpya zinazolingana na hali ya wenyeji. Kijana wa Buenos Aires alilala na mchezo wa bei ya chakula cha mchana, akaamka na mchezo wa bei ya mshahara wa siku kadhaa. Twajua kwamba michezo si mkate. Lakini mtambo ule ule ukiwa umeshika programu ya hesabu ya zahanati, mambo yatakwenda vile vile.

Hata katika Ulaya, ambako sheria yasema soko ni moja, kuta zilijengwa. Mwezi wa Januari 2021 Halmashauri ya Ulaya ililitoza duka hilo la Valve na wachapishaji watano wa michezo faini ya jumla ya yuro milioni 7.8, kwa sababu walifunga michezo iliyonunuliwa katika nchi za mashariki zenye bei nafuu isiweze kufunguliwa kwingine. Wazungu waliona ubaya wa ukuta ulipopita katikati ya uwanja wao.

Tumesema habari za nchi. Sasa tuseme habari za mashine, maana huko pishi mbili zimekaa waziwazi zaidi, na ni ajabu kwamba watu wachache huzitazama. Kampuni ya Oracle huuza programu ya kuhifadhi kumbukumbu, inayotumiwa na mabenki na serikali nyingi, za kwetu nazo zikiwamo. Katika orodha yake toleo kubwa limeandikwa dola 47,500 kwa kila leseni ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Ubongo huo una viini kadhaa, na Oracle ina jedwali la kuvihesabu. Kiini cha mashine za Intel huhesabiwa nusu, na kiini cha mashine ya POWER ya IBM huhesabiwa kimoja kizima. Basi seva yenye viini vinane vya Intel hudaiwa leseni nne, yaani dola 190,000. Na seva ya IBM yenye viini vinane hudaiwa leseni nane, yaani dola 380,000. Programu ni moja. Wapunguziwe wakubwa wanaojua kujadiliana, hiyo ndiyo bei wanayoanzia.

Mtetezi atasema kwamba kiini cha IBM kina nguvu zaidi, basi ni haki kitozwe zaidi. Yamkini. Lakini mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, kampuni yenye kutengeneza mashine zilizoshindana na zile za Hewlett-Packard zilizotumia prosesa ya Itanium. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo hesabu ya Itanium mpya ikapandishwa kutoka nusu hadi kimoja. Machi 2011 Oracle ikatangaza kwamba haitatunga tena programu kwa mashine hizo. Hewlett-Packard ikaenda mahakamani, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama huko California likaamua ilipwe dola bilioni 3. Pigano lilikuwa la wakubwa wawili. Wenye benki waliokuwa wamekwisha kununua mashine zile ndio waliokuwa nyasi.

Tangu Januari 2017 jedwali lile halitumiki katika kompyuta za kukodi za Amazon na Microsoft, zile ziitwazo wingu. Viini vinane vya Intel, ambavyo katika chumba chako vingedaiwa leseni nne, huko hudaiwa nane. Ukivikodi kwa Oracle yenyewe, hurudi kuwa nne. Microsoft nayo imeshutumiwa kwa mchezo wa jamii hiyo, na mwezi wa Julai 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliamua kwamba namna inavyotoa leseni za programu zake huwadhuru Amazon na Google katika biashara ya wingu. Katika simu mambo ni hayo kwa kiasi kidogo: mwezi wa Agosti 2020 wenye mchezo wa Fortnite waliwaonyesha wanunuzi bei mbili katika kioo kimoja, dola 9.99 kupitia duka la Apple, lenye ushuru wa asilimia 30, na dola 7.99 kwa kulipa moja kwa moja. Siku hiyo hiyo Apple ikauondoa mchezo dukani. Bei mbili zinapokuwa mbali mbali husameheka. Zikikaa pamoja mnunuzi akaziona, ndipo lawama huzuka.

Je, sheria haiwezi kumsaidia mnunuzi? Iliweza, na hapa pana kisa cha kutazama. Mwanafunzi mmoja kutoka Thailand aitwaye Supap Kirtsaeng, aliyekuwa akisoma Marekani, aliona kwamba vitabu vya chuo vilivyochapwa kwa ajili ya Asia vilikuwa rahisi sana kuliko vile vya Marekani. Akawaambia jamaa zake wavinunue kwao na kumpelekea, naye akaviuza. Mchapishaji, kampuni ya John Wiley, akamshtaki. Tarehe 19 Machi 2013, siku tatu tu kabla ya kikao cha Canberra, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba mwenye hakimiliki akiisha kuuza kitabu kihalali, popote duniani, hana amri tena juu ya nakala ile. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 3 Julai 2012, mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ilikuwa imesema jambo lililo karibu na hilo kuhusu programu, katika shauri la Oracle na wauzaji wa leseni zilizotumika: leseni isiyo na mwisho ikiisha kuuzwa, mwenyewe aweza kuiuza tena.

Mfanyabiashara hodari akiona kwamba kitu kilichouzwa kimetoka mkononi mwake, hukata shauri asiuze tena, hukodisha. Mwezi wa Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba hakutakuwa na Creative Suite nyingine, na kwamba programu zake mpya zitapatikana kwa ada ya kila mwezi tu. Hatudai kwamba hukumu zile ndizo zilizokuwa sababu. Faida ya ada isiyokoma yatosha kuwa sababu. Lakini matokeo ni kwamba haki ambayo majaji walimpa mnunuzi ilibaki mkononi mwake bila kitu cha kuishika. Broadcom ilipomaliza kuinunua VMware mwezi wa Novemba 2023, haukupita mwezi mmoja ikaacha kuuza leseni za kudumu. Januari 2023 Oracle ilibadili leseni ya Java, ikaanza kuhesabu waajiriwa wote wa kampuni, akiwamo dereva na mpishi ambao hawajapata kuigusa, kwa dola 15 kila mmoja kwa mwezi katika daraja la kwanza. Mpangaji hana hati. Kodi ya nyumba ikipanda, hulipa au huhama, na vyombo vyake vimo ndani.

Twarudi nyumbani. Ofisi yetu ilipotaka kulipia programu ya kupanga kurasa, wakala mmoja wa mjini, ambaye jina lake tuliache, alitutajia bei tatu kwa juma moja, kila mara akitaja dola na kila mara akisema ndiyo ya mwisho. Hatukuwa na pa kuithibitisha. Dola moja ikiwa kama shilingi 2,500, bei ya dola 50 kwa mwezi ambayo mchoraji wa Chicago huilipa kwa kazi ya saa mbili au tatu, kwa mpiga picha wa Mwanza ni shilingi 125,000 kila mwezi. Aongeze na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania imewatoza wauzaji wa nje wa huduma za mtandao tangu 2022 kwa asilimia 18, na ambayo Kenya huitoza kwa asilimia 16. Kodi hiyo ni yetu wenyewe na ina kazi yake, hatuwezi kumlaumu Mmarekani kwayo.

Wala tusijifanye watakatifu. Wengi wetu tumelikwepa jambo hili kwa kutumia nakala zilizoibwa, tukajiona werevu. Fundi wa mtaani hukuwekea programu yoyote kwa elfu kumi, pamoja na virusi vyake. Lakini rahisi ghali. Nakala iliyoibwa haimpi mtu sauti: huwezi kwenda mbele ya Bunge kulalamikia bei ambayo hujailipa. Tena kila kijana anayejifunza kazi kwa nakala ya wizi amekwisha kuandikwa katika daftari la mwenye mali kama mteja wa kesho. Siku anapoajiriwa na shirika lisiloweza kuthubutu kuiba, shirika hilo litalipa bei kamili, kwa kuwa yeye hajui kutumia kitu kingine.

Kwa hiyo dawa haianzii kwenye bei, yaanzia kwenye uwezo wa kuondoka. Mji wa München wa Ujerumani ulilijua hili. Mwaka 2003 baraza lake lilipokuwa likifikiri kuacha Windows katika kompyuta zake zaidi ya elfu kumi na nne, mkuu wa Microsoft, Bw. Steve Ballmer, alikatiza likizo yake ya milimani kwenda kumwona meya Christian Ude, na kampuni ikapunguza bei yake kwa mamilioni ya dola. Meya wa mji mmoja! Mji ulikataa, ukaenda na Linux, ukaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Kweli, mwaka 2017 baraza jipya liliamua kurudi Windows, na wapinzani wa programu huria hulitaja jambo hili kama hukumu. Haja yetu katika kisa hiki ni ile safari ya Bw. Ballmer. Hakuna mkuu wa kampuni anayeacha mapumziko yake kwa ajili ya mteja asiye na pa kwenda.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane. Kila moja hununua leseni zake kivyake, kila wizara ndani ya nchi hununua kivyake, na mara nyingi mikataba hiyo hukaa kabatini kama siri ya vita, hata wizara jirani haijui mwenzake alilipa nini. Mwenye duka hakuweza kutamani zaidi. Twaziomba wizara za fedha zifanye jambo moja lisilohitaji sheria mpya wala mkopo: zikusanye mikataba yote ya programu iliyotiwa saini katika miaka mitano iliyopita, ziiweke katika jedwali moja lenye jina la programu, mashine iliyowekwa, idadi ya leseni na bei iliyolipwa, kisha zibadilishane majedwali hayo kati ya Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali kabla mkataba unaofuata haujatiwa saini. Na katika vyuo vya ualimu na vya biashara, pale ambapo kijana hufundishwa kuandika barua na kupanga hesabu kwa programu ya kulipia, afundishwe na ya bure kando yake, LibreOffice au nyingine, katika muhula ule ule.

Mikataba mingi ya leseni za serikali huwa ya miaka mitatu. Baadhi yake yaelekea mwisho sasa hivi, na mawakala wamekwisha kuanza kupiga simu.